Tao la waridi limenyauka siku ya pili. Safari hii nifanyeje?

Muulizaji: Habari zenu. Nasimamia shughuli za wateja katika jumba la maduka hapa Mombasa. Februari iliyopita tulisimamisha tao la waridi mlangoni, mashina kama 2,000 kutoka Naivasha. Siku ya kwanza watu walipanga foleni kupiga picha. Kesho yake asubuhi vichwa vyote chini, petali zimetapakaa sakafuni. Tulilipia siku kumi, tukapata moja na nusu. Mwenye jumba sasa anataka maua ya plastiki, lakini moyo wangu umekataa. Naomba ushauri.

Jibu 1: Tao lilikuwa upande gani? Kiyoyozi kiko wapi?

Muulizaji: Kiyoyozi juu yake kabisa. Kando kuna supamaketi, ndizi na maembe yamepangwa mbele.

Jibu 2: Mwanangu, mimi nimepamba maharusi Mji wa Kale miaka ishirini na sita. Maua yako yameuawa na vitu viwili. Upepo wa kiyoyozi umeyakausha, na matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini inayozeesha maua yaliyokatwa. Isitoshe, waridi hilo limekulia kwenye ubaridi wa Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya bahari, wewe ukalishusha kwenye joto letu.

Nje penye jua weka mabogonvilia kwenye vyungu, yenye mizizi yake. Hayo yanalipenda jua, na yakitunzwa yatakuwepo hata mwakani. Ndani leta maua ya kwetu: asumini, mlangilangi, mkadi, mrehani. Tandika mkeka karibu na ngazi, kina mama watatu waketi saa kumi alasiri watunge vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vya kuvaa kifuani, watu wakitazama. Asumini huchumwa alasiri ikiwa bado imefumba, nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Sindano inapita kwenye kikonyo, moja baada ya moja. Ikifika magharibi zinafunguka zote pamoja kwenye uzi, na harufu inapanda mpaka ghorofa ya juu. Mwaka juzi nilifanya hivyo dukani kwa dada yangu wiki ya Idi. Wanawake waliokuja kununua kitambaa cha dera waliketi mpaka Isha, na kila mmoja alitoka na kikuba kifuani. Plastiki haina harufu, mwanangu. Mtu ataipiga picha moja, asirudi tena.

Jibu 3: Naandika kutoka Dubai. Hata huku, bustani ya maua ya Miracle Garden iliyofunguliwa 14 Februari 2013 hufungwa kila kiangazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo usione haya kuchagua msimu. Jambo jingine: kama mlichomeka mashina kwenye ile sponji ya kijani, jueni kwamba ikikauka hainywi maji tena vizuri, na ni plastiki isiyooza. Tumieni ndoo au chupa za maji zilizofichwa nyuma ya majani, na mbadilishe maji kila siku.

Muulizaji: Sponji ndiyo tuliyotumia. Ahsanteni sana. Bi, hao kina mama nawapataje, na niwalipe kwa siku au kwa kikuba?

Jibu 2: Kwa siku, na vikuba watakavyouza viwe vyao. Njoo Mji wa Kale baada ya Alasiri, uliza anayeuza asumini. Utaonyeshwa mlango.