Fizi zinazotoka damu na tumbo lisilotulia: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Tangu 2019 naugua vidonda vya utumbo mpana, vile vya kuharisha damu na kamasi. Mwaka jana daktari wa tumbo aliniambia, "Hebu fungua mdomo." Fizi zilikuwa zimevimba, ugaga umejaa nyuma ya meno ya chini. Kila asubuhi nilikuwa natema povu jekundu, nikidhani mswaki ni mgumu.

Akanieleza kwamba kwa siku tunameza mate ya kama lita nzima, na bakteria wa mdomoni wamo humo humo. Tindikali ya tumboni huwaua wengi, ila utumbo ukishakuwa na majeraha, wanaoponyoka wanapata pa kukaa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliliona hilo kwa panya: fizi zikiugua, bakteria wa jamii ya Klebsiella huongezeka mdomoni, humezwa, na uvimbe wa utumbo huzidi. Hata seli za kinga zilizochokozwa kwenye fizi zilihamia utumboni. Hao ni panya, na mimi sikuahidiwa kupona.

Nilisafishwa meno mara mbili. Baada ya wiki tatu povu likawa jeupe. Tumbo limetulia kidogo, lakini dawa zangu sijaacha hata kidonge, kwa hiyo sijui nishukuru kipi. Nyie mmepitia nini?

MamaPacha: Pole sana ndugu. Kwangu vilianza vidonda vya mdomoni. Vikitokea tu najua wiki haiishi tumbo halijachafuka. Nimepimwa amiba na taifodi mara nne, nikameza dawa zote! Kipimo cha kamera ndicho kilichoonyesha ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa kudumu wa utumbo.

Mzigua_Tanga: Je, unakunywa omeprazole? Mimi nimeinywa miaka. Inapunguza tindikali, na bakteria wa mdomoni wanapita kirahisi zaidi. Daktari wa meno ndiye wa kwanza kuniuliza. Msiiache kienyeji lakini, muulizeni aliyewaandikia.

Kijana wa Ubungo: Fizi zangu zinatoka damu mwaka wa pili. Kusafishwa kunauma? Naogopa kweli.

Mleta mada: Upande wa chini nilichomwa ganzi, nikawa nasikia mkwaruzo tu. Siku mbili za maji ya chumvi, basi. Kama unatumia dawa za kushusha kinga, mwambie daktari wa meno kabla hujakaa kwenye kiti.