Mjadala: Anayekikimbia kishawishi ni mwadilifu, au hajapata nafasi tu?

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: mtu hastahili kuitwa mwaminifu mpaka aachwe peke yake na mali ya watu, asionwe na yeyote, naye aiache kama alivyoikuta. Kabla ya hapo, wanasema watetezi wake, hajaiba kwa sababu hajapata nafasi. Wengi wameiunga mkono. Mimi naipinga, na nitaanza na jambo nililolitenda mwenyewe.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi. Michango ilikaa kwenye bahasha, bahasha ndani ya droo, ufunguo mfukoni mwangu. Miezi ya mwanzo sikuwaza lolote. Siku moja nikabanwa na shida ya kweli, nikachukua kiasi kidogo, nikaandika kwa penseli pembeni mwa daftari: "deni, nitarudisha Jumatatu." Jumatatu nikarudisha, nikayafuta yale maandishi. Lakini penseli ilikuwa imezama kwenye karatasi. Ukiinamisha daftari kwenye mwanga, bado yanasomeka. Hakuna aliyejua. Mara ya pili sikuwa na shida yoyote, niliona tu kwamba hela ipo. Na mara hiyo sikuandika kitu. Mchovya asali hachovyi mara moja.

Nilizirudisha zote, hata senti haikupotea. Kilichonitisha ni kwamba mara ya kwanza mikono ilitetemeka, na mara ya pili haikutetemeka. Kikao kilichofuata niliomba droo ifungwe kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja akae nao mwenzangu. Mjumbe mmoja aliniuliza: "Kwani wewe hujiamini?" Nikamjibu ndiyo, sijiamini.

Sasa kwa hoja ile, mimi si mwadilifu, ni mtu aliyejifunga kamba. Nasema kujua mahali unapoweza kuanguka na kuzuia mapema ndiyo kazi yenyewe ya uadilifu. Yule anayekaa na bahasha usiku kucha ili kujithibitishia kwamba ana moyo wa chuma anachezea mali isiyo yake.

Na sisemi kwa hisia zangu peke yake. Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2012, ambao mwanasaikolojia Wilhelm Hofmann na wenzake waliufanya Ujerumani. Watu wazima 205 walipewa simu zilizowaita mara kadhaa kwa siku, wiki nzima, kila mara wakiulizwa: sasa hivi unatamani nini, na unajizuia? Zilikusanywa taarifa 7,827 za matamanio. Ungetegemea wale wenye kujitawala sana ndio waonekane wakipigana na nafsi zao kutwa nzima. Ikawa kinyume: waliripoti mivutano michache zaidi, na walijizuia mara chache zaidi. Ninavyousoma mimi, watu hao hawashindi vita vingi. Wameyapanga maisha yao hivi kwamba vita vingi havianzi.

Kuna walioandika kwamba binadamu ni tamaa tupu, mwache gizani atakula cha mwenzake. Hapo pia nakataa. Mwaka 2019 jarida la kisayansi liitwalo Science lilichapisha matokeo ya jaribio la pochi zaidi ya 17,000 zilizokabidhiwa kwa wahudumu wa mapokezi katika miji 355 ya nchi 40, kana kwamba zimeokotwa. Zisizo na fedha, wenyewe walitafutwa kwa asilimia 40. Zenye fedha, asilimia 51. Kwenye nchi tatu walipoongeza kiasi mara kadhaa, ikafika 72. Hata wachumi walioulizwa wabashiri hawakuyatabiri matokeo hayo. Maelezo ya watafiti ni kwamba kadiri kiasi kinavyokua, ndivyo mtu anavyoona vigumu kukibakiza bila kujiona mwizi.

Hapo ndipo penseli yangu inapoingia. Kiasi kidogo hakikuniita mwizi, kiliniita mkopaji. Ningekuta hazina nzima wazi, nadhani ningekimbia. Hatari kubwa iko kwenye vidogo ambavyo tunavipa majina ya heshima: kukopa, kujisogezea, chenji iliyozidi ("si wamekosea wenyewe?"), masaa ya kazi yaliyoandikwa bila kufanywa.

Tamaa yenyewe sina ugomvi nayo. Lugha yetu inalijua hilo: aliyeishiwa matumaini tunasema amekata tamaa. Anayetaka watoto wake waishi vizuri kuliko yeye ana tamaa, na ni njema. Inaharibika pale anapoanza kulitazama fungu la mwenzake kama lililochelewa kumfikia.

Kuna pingamizi moja linalonibana, na nalikubali. Dada mmoja ameuliza: mtu wa malipo, anayeshika fedha za wengine kuanzia asubuhi hadi jioni, atakikimbia vipi kishawishi? Hawezi. Kumwambia "kaa mbali" ni kumdhihaki. Kwake huyo lawama naigawa: mwajiri anayechelewesha mshahara, asiyehesabu wala kukagua, kisha akasema "namjaribu uaminifu," ametega mtego. Anayeiba bado ameiba, simsafishi. Ila aliyeutega asikae kwenye kiti cha hakimu.

Niwaulize basi mnaoshikilia kwamba bila jaribio hakuna uaminifu: mkikabidhiwa leo fedha za matibabu ya mtoto wa mtu mwingine, ufunguo mtaushika peke yenu, au mtaomba mtu wa pili?