Mjadala: Tufungue ukumbi wa kanisa kwa wasio na makao msimu wa baridi, au tuliachie jiji?

Ndugu zangu wa Toronto na vitongoji vyake, mwezi ujao kanisa letu litapiga kura: ukumbi wa chini uwe malazi ya wasio na makao kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili, siku mbili kwa wiki. Mkutano wa kwanza uliisha kwa kelele. Naleta suala hili hapa kwa sababu najua hata kwenu linabishaniwa, makanisani na misikitini.

Msimamo wangu ni huu: tufungue.

Sijasahau kiangazi cha 2023. Jiji lilisema malazi yake yamejaa, wanaoomba hifadhi waende kwa serikali kuu, na serikali kuu ikaurudisha mpira kwa jiji. Watu wakalala kwenye lami pale Peter Street, wengi wao Waafrika, Wakenya wakiwemo. Tarehe 18 Julai serikali kuu kule Ottawa ikatangaza dola milioni 212, na 97 kati ya hizo zilikuwa za Toronto. Lakini wiki hiyo waliowainua watu kutoka chini walikuwa waumini wa makanisa kama Revivaltime na Pilgrim Feast, kwa magodoro na masufuria yao wenyewe.

Na hiyo ilikuwa Julai, kukiwa na joto. Februari mwaka uliofuata mama mmoja kutoka Kenya, mwenye watoto wanne, alisubiri nje ya kituo cha malazi kule Mississauga kwenye baridi. Waliponiambia kwamba aliingizwa ndani usiku na siku iliyofuata akafariki, nilikuwa jikoni, nikakaa chini. Angeweza kuwa dada yangu.

Sasa, hoja za wanaopinga. Kwamba watu watazidi, kwamba vyoo vitaharibika: hayo tutayapanga. Kwamba hawa wanaoomba hifadhi walidanganywa na maajenti, kwa hiyo wajitegemee: hapo jibu langu ni moja, hata aliyedanganywa anasikia baridi.

Iko hoja nzito zaidi, na aliyeitoa ni mzee ninayemheshimu. Alisema tukifungua tutakuwa tumeipa serikali ruhusa ya kulala. Hajakosea. Mpango wa Out of the Cold ulianza hapa Toronto mwaka 1987, kwa mtawa mmoja, Susan Moran, na wanafunzi wa shule ya Kikatoliki. Makanisa, masinagogi na misikiti yakapokezana, kila mmoja na usiku wake. Ulikusudiwa kuwa msaada wa dharura, ukaendelea kwa miaka zaidi ya thelathini, hadi korona ilipofunga kumbi nyingi. Kwa hiyo nasema tufungue kwa mkataba wa maandishi: jiji lilipe mlinzi wa usiku na bima, sisi tutoe ukumbi, chakula na watu. Likikataa, tulipeleke suala hilo kwa diwani wetu huku milango ikiwa wazi. Kuifunga ili kuikomoa serikali ni kumwadhibu aliye nje.

Jambo jingine halikusemwa mkutanoni, nami nalisema kwa sababu linanihusu. Kazi hii itawaangukia akina mama, walewale wanaotoka zamu za usiku kwenye nyumba za wazee. Wanaume waandikwe kwenye ratiba kwa majina, na wapike.

Msimu uliopita nilijitolea usiku mmoja kwenye kanisa la jirani. Kijana aliingia na raba za kitambaa, zimelowa, chumvi ya barabarani imeziacha na mistari myeupe. Hakuomba chakula. Aliniambia, "Mama, naomba tu mahali pa kukausha viatu." Tulivitandikia gazeti karibu na hita, na soksi zake nikazianika juu. Hadi saa nane usiku alikuwa akiamka kuzigusa kama zimekauka. Karibu na mlango alilala mzee mmoja Mkanada, mzaliwa wa hapa, aliyekataa godoro la katikati kwa sababu alitaka kuuona mlango. Wale wanaosema tuwapokee "watu wetu" peke yao, naomba mniambie: huyo mzee ningemwambia nini saa tano usiku, nyuzi kumi chini ya sifuri?

Karibuni mchangie, hasa mnaopinga. Na ambao mmeshafungua kumbi zenu, tuelezeni mlinzi mlimlipaje, na majirani waliolalamika mlikaa nao vipi. Kura yetu ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya kwanza.