Naomba ushauri: mhusika na kloni wake

Habari zenu wanajamvi. Naandika riwaya ya kusisimua: mama wa miaka 40 anakutana na binti wa miaka 20, uso uleule, hadi mwanya wa meno ya mbele. Binti ni kloni wake, yaani nakala yake iliyotengenezwa kutokana na vinasaba vyake. Umri nimeutofautisha makusudi, maana kloni huzaliwa mchanga, kama kondoo Dolly kule Uskoti mwaka 1996. Vinasaba vinalingana ila alama za vidole hapana, na hapo ndipo mpelelezi atainasa siri.

Nilipokwama ni sauti. Nimejaribu kubadili nafsi ya usimulizi, bado walionisomea wanawachanganya. Niwatenganishe kwa lugha au kwa kumbukumbu? Na binti aujue ukweli kabla ya msomaji, au pamoja naye? Sitaki abaki kivuli cha mwenzake.