I Am Legend: kwa nini filamu iliiacha hoja kuu ya riwaya?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, nimemaliza kuisoma riwaya ya Richard Matheson iliyotoka mwaka 1954, kisha nikaitazama filamu ya mwaka 2007 ambayo stelingi wake ni Will Smith, na nimevunjika moyo. Riwayani, Robert Neville ni mfanyakazi wa kiwandani anayeishi peke yake Los Angeles baada ya ugonjwa kuwageuza watu kuwa wanyonya damu. Mchana huwasaka wakiwa usingizini na kuwaua kwa vigingi vya mbao, asijue kwamba baadhi yao wamepata dawa ya kuutuliza ugonjwa na wanajenga jamii mpya. Wanapomkamata, anachungulia dirishani, umati unanyamaza kwa hofu, naye anatambua kwamba kwao yeye ndiye zimwi la kusimuliwa. Filamu inamfanya mwanasayansi wa jeshi mjini New York, anayepata tiba na kujilipua ili mwanamke na mtoto waokoke nayo. Je, palikuwa na sababu ya msingi ya kuupindua mwisho, au ni biashara tu?

Jibu la kwanza
Mkuu, mwisho unaoulalamikia si ule uliokusudiwa awali. Katika mwisho wa awali, kiongozi wa walioambukizwa anachora kipepeo kwenye kioo kinachomtenganisha na Neville, na Neville anaelewa kwamba amefuata mwenzake wa kike aliyefungwa maabara. Anamrudisha, kisha anazitazama picha alizobandika ukutani za wote waliofia katika majaribio yake. Watazamaji walioonyeshwa filamu kwa majaribio kabla haijatoka hawakuupenda mwisho huo, ukapigwa mwingine, na ule wa awali ukaja kutolewa kwenye DVD mwaka 2008. Hasara yake inaonekana wazi: katikati ya filamu Neville ananaswa mguu katika mtego uliotegwa kwa sanamu ya dukani, jambo linaloonyesha kwamba viumbe hao wana akili na kinyongo, lakini mwisho uliotoka sinema unaendelea kana kwamba hatukuuona mtego huo.

Jibu la pili
Naomba kutofautiana kidogo. Nusu ya kwanza ya filamu ni kazi nzuri: nyasi zimeota barabarani, swala wanakimbia katikati ya magari yaliyotelekezwa, na pale mbwa Sam anapoingia katika jengo lenye giza na Neville akalazimika kumfuata, nilishika pumzi. Mimi kilichoniudhi ni viumbe wenyewe, ambao wametengenezwa kwa kompyuta hadi wakakosa uzito, na kazi yao ni kunguruma tu. Riwayani, Ben Cortman, aliyekuwa jirani yake, husimama nje kila usiku akimwita Neville atoke. Anayekutisha kwa jina lako anatisha kuliko anayefunua kinywa.

Jibu la tatu
Anayetaka kuikaribia riwaya aitafute The Last Man on Earth ya mwaka 1964, iliyopigwa Roma, na Vincent Price akiwa mhusika mkuu, ingawa humo anaitwa Morgan. Matheson alishiriki kuandika mswada, lakini hakuridhika na matokeo, akatumia jina bandia la Logan Swanson. Hata hivyo nayo inakwepa: Morgan anafia kanisani akiwatukana wauaji wake, bila kukubali kwamba zama zake zimepita. The Omega Man ya mwaka 1971 ilikwenda mbali zaidi, kwani humo damu ya Charlton Heston ndiyo inayokuwa tiba, naye anakufa kama mkombozi. Filamu ya 2007 ilitambua rasmi mswada huo wa 1971 kuwa mojawapo ya misingi yake, kwa hiyo shujaa wa kujitoa mhanga alirithiwa kutoka huko, si kwa Matheson.

Mwanzisha mada
Nawashukuru, hasa kwa suala la mtego, maana sikuwa nimeliunganisha na mwisho wa awali. Kuhusu Cortman naafiki kabisa. Wanajamii wapya wanapokuja usiku na kumpiga risasi akitambaa juu ya paa, Neville, aliyemwinda muda wote huo, anamhurumia yeye na kuwachukia wauaji wake. Sehemu hiyo haihitaji kompyuta wala fedha nyingi. Inahitaji waigizaji wawili na paa, na hakuna hata moja kati ya filamu hizo iliyoipa nafasi inayostahili. Nitaanza na ile ya mwaka 1964.