Michoro ya vioo ya Senegal: mbona wote wanamchora vilevile?

Mwuliza swali: Wadau, kwenye maonyesho hapa Paris nimeona shehe mwenye kanzu nyeupe, kilemba kimefunika mdomo, mguu mmoja hauonekani. Kila mchoraji kamchora hivyo. Kwa nini?

Jibu: Ni Shehe Amadou Bamba, muasisi wa tarika ya Muridi, jumuiya ya Kisufi ya Senegal. Picha yake ya kamera inayojulikana ni moja tu, ya 1913. Jua kali, kivuli kikameza mguu. Wachoraji hawathubutu kuongeza kitu.

Jibu: Tafuta na mchoro ule anaoswali baharini. Wafaransa walimpeleka uhamishoni Gabon 1895. Inasimuliwa alikatazwa kuswali melini, akatandika msala juu ya maji. Na michoro hii huchorwa upande wa nyuma wa kioo, mistari kwanza, rangi baadaye, nawe unaitazama kwa mbele kupitia kioo.

Mwuliza swali: Kumbe! Ndiyo maana rangi zinang'aa vile. Ahsanteni sana.