Mjadala: Ni haki kumtaja muuaji wa The Mousetrap mbele ya asiyeiona?

Wadau, salaam. Kijana mmoja kwenye kundi letu la wapenda maigizo aliuliza The Mousetrap ni tamthilia ya namna gani, maana anasafiri kwenda London na tiketi ameshakata. Haikupita dakika mbili, mtu akamjibu kwa kumtajia muuaji. Jina tupu, hata salamu hakuna. Alipokemewa akasema ni mchezo wa mwaka 1952, kila kitu kipo mtandaoni, siri gani tena?

Mimi nasema amemdhulumu yule kijana.

Kwa asiyeijua, ni tamthilia ya Agatha Christie. Ilianza kuoneshwa London tarehe 25 Novemba 1952 katika ukumbi wa Ambassadors, ikahamia jirani hapo St Martin's mwaka 1974. Imeendelea kuoneshwa miaka yote hiyo, korona tu ndiyo iliyoisimamisha, Machi 2020 hadi Mei 2021. Onesho la 25,000 lilifanyika Novemba 2012. Watu wamekwama kwenye nyumba ya wageni, theluji imeziba njia, simu imekatwa, na mmoja wao ameua. Mchezo ukiisha, mwigizaji anawaomba watazamaji wakae na siri hiyo moyoni.

Nimeiona mara moja. Kwenye sebule ya kuingilia ukumbini pana ubao wa mbao unaoonesha hili ni onesho la ngapi, na jukwaani, juu ya meko, ipo saa ileile iliyokuwapo siku ya kwanza. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mlangoni tulipokuwa tunatoka. Mtoto mbele yangu alianza kulisema jina kwa sauti, bibi yake akamwekea kidole mdomoni. Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao, na yule bibi hakumjua hata mmoja wao. Alikuwa anawatunzia.

Sisi jambo hili tumelelewa nalo. Ukitegewa kitendawili ukashindwa, jibu hupewi bure. Unaambiwa "nipe mji", unatoa mji, ndipo unafumbuliwa. Anayeropoka jibu kabla wengine hawajafikiri huwa ameuharibu mchezo wa wote, na utotoni tulimfukuza barazani. Nilipokuwa kidato cha pili niliazima kitabu cha upelelezi, nikakuta ukurasa wa kwanza mtu ameandika kwa penseli, "aliyeua ni mpishi". Nilikisoma chote, sikukifurahia hata sura moja.

Karibuni tujadili.

*Mchangiaji:*

Mkuu, nakuheshimu, ila hapa sikuungi mkono. Mwaka 2010 Wikipedia ilipoandika mwisho wa mchezo huu, mjukuu wa Christie, Mathew Prichard, alilalamika, na kamusi elezo ikabaki na msimamo wake kwamba kazi yake ni kueleza. Mimi naona ilikuwa sahihi. Halafu niambie, sisi wa Tabora tutaiona lini? Nauli hatuna, viza hatupewi. Hiyo ni siri ya wenye uwezo, na wewe unatuambia tuilinde.

*Mleta mada:*

Hapo kwenye viza umesema kweli, na inauma. Sitakuambia ungoje kitu ambacho huenda hutakifikia.

Hata kwenye Wikipedia nakubaliana nawe, simuungi mkono mjukuu. Kamusi elezo unaifungua kwa mkono wako mwenyewe. Na Christie mwenyewe hakuifungia dunia nzima: hadithi fupi yenye kisa hiki ilichapishwa Marekani mwaka 1950, alichoomba ni isichapishwe Uingereza wakati mchezo unaendelea. Anayetaka kujua ana pa kupita. Yule kijana hakutaka. Aliuliza mchezo ni wa namna gani, akapigwa na jina usoni.

Tena jina lenyewe ni sehemu ndogo sana. Kisa hiki kina chimbuko la kweli. Mwaka 1945 mtoto wa miaka 12, Dennis O'Neill, alikufa kwenye shamba moja huko Shropshire kwa mateso ya watu aliokabidhiwa wamlee, na Uingereza nzima ilishtuka. Ndani ya mchezo nako, tangu mapema, unasikia habari za watoto walioteswa shambani na mmoja wao kufa. Kwa muda wa saa mbili unakaa na habari hiyo, unamshuku huyu, unamhurumia yule, na jibu linapokuja linakukuta umeshaubeba uzito wake. Aliyetajiwa jina kwenye simu hakubeba chochote. Atakaa kitini amemkodolea macho mtu mmoja tangu pazia linafunguka, na yule mtoto wa shambani atampita hivihivi.

Kwa hiyo wewe wa Tabora, ukilitaka jibu, nitafute pembeni nitakupa kisa chote tangu mwanzo, si jina peke yake. Ila utanipa mji kwanza.